Askofu Weston, Shokoa na Kitabu Tusichokisoma

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyepitia somo la historia ya lugha hii hulijua jina la Askofu Edward Steere, yule aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiunguja mwaka wa 1870 na kuwekeza nguvu zake zote katika tafsiri ya Biblia. Akishamaliza Steere, aghalabu huruka hadi Kamati ya Lugha ya mwaka wa 1930, kisha akatua kwa Shaaban Robert, kana kwamba katikati palikuwa na jangwa. Makala haya yanadai kwamba hapakuwa na jangwa. Palikuwa na watu, palikuwa na vita, na palikuwa na maandishi. Ili kuwaona watu hao tutaanza na mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumtaja darasani: Frank Weston, Askofu wa Unguja kuanzia mwaka wa 1908 hadi kifo chake mwaka wa 1924.

Weston alizaliwa London mwaka wa 1871, akasomea theolojia Oxford, na akafika Unguja mwaka wa 1898 chini ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyofahamika kwa herufi UMCA. Kuanzia mwaka wa 1901 alikuwa mkuu wa chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, ambako vijana wa Kiafrika walifunzwa ualimu na ukasisi. Chuo hicho hakikuwa kigeni kwa maandishi ya Kiswahili. Gazeti la Msimulizi lilikuwa limeanza kuchapwa hapo mwaka wa 1888, na wanafunzi wa Kiafrika walikuwa miongoni mwa waliolichangia. Weston alipopewa uaskofu mwaka wa 1908 alikabidhiwa dayosisi iliyokatwa na mpaka wa wakoloni. Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza ilhali Bonde, Magila, Korogwe na Masasi zilikuwa katika himaya ya Wajerumani. Jambo hili msomaji alikumbuke, kwa sababu ndilo litakaloleta msiba baadaye.

Hapa Kenya, kama Weston anakumbukwa, basi anakumbukwa kwa ubaya, na sababu ni mkutano wa Kikuyu wa Juni 1913. Wamisheni wa Kiprotestanti walikutana katika misheni ya Kiskoti ili kupanga namna ya kushirikiana. Waanglikana, Waskoti, Wamethodisti na Misheni ya Afrika Inland walitaka shirikisho moja badala ya kugombania waumini kijiji kwa kijiji. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu, na wajumbe wasio Waanglikana wakashiriki mkate na divai. Weston alipopata habari hizo aliwaka. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akataka Peel na Willis wa Uganda washtakiwe kwa uzushi na mfarakano. Kesi hiyo iliwashughulisha Waingereza hata magazeti yao yakaijadili kwa kirefu, na uamuzi uliotolewa mwaka wa 1915 ulikuwa wa kupapasa kiasi kwamba watu walifanya utani: ibada ile ilimpendeza sana Mungu, ila isirudiwe kamwe.

Ni rahisi kumcheka mtu wa namna hii. Kwa Mkikuyu wa mwaka wa 1913 aliyekuwa akinyang'anywa ardhi, nani amebarikiwa na askofu wa aina gani kabla ya kuumega mkate lilikuwa jambo la Ulaya. Hata hivyo, shina lile lile lililozaa ukaidi huo ndilo lililozaa jambo jingine ambalo Wakenya tungelipaswa kulijua. Weston aliamini kwamba ukweli haupunguzwi kwa ajili ya kupatana. Mwaka wa 1913 imani hiyo ilimfanya aonekane msumbufu, lakini miaka sita baadaye ilikuwa na maana nyingine kabisa.

Kwanza vilikuja vita. Vilipozuka mwaka wa 1914 dayosisi yake ilikatika vipande viwili. Makasisi na walimu wa Kiafrika waliokuwa upande wa Wajerumani walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, kosa lao kubwa likiwa ni kufundishwa na misheni ya Waingereza. Walikamatwa, wakafungwa minyororo na kupelekwa bara, wengi wao hadi Tabora, wakipigwa na kufanyishwa kazi ngumu. Weston mwenyewe alikuwa Unguja. Mwaka wa 1916, jeshi la Uingereza lilipohitaji wapagazi kwa udi na uvumba, alikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja, akapewa cheo cha meja, na akaenda nao bara kwa miguu. Mitaa ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba hadi leo jina la vikosi vya aina hiyo, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao, wengi wakiuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Mtu anaweza kuuliza askofu alitafuta nini katika shughuli hiyo. Mimi naona kwamba aliingia katika jambo baya ili lisiwe baya zaidi, na hoja ya namna hiyo huwa na mtego ndani yake. Wenzake wa Kenya wangeitumia baadaye, na yeye ndiye angewakatalia.

Mwaka wa 1918 alichapisha barua ya wazi kwa Jenerali Smuts iitwayo The Black Slaves of Prussia. Humo aliwashutumu Wajerumani kwa viboko na kazi za kulazimishwa, akasihi kwamba koloni lile wasirudishiwe. Serikali ya Uingereza haikuwa na sababu ya kuichukia barua hiyo. Ilikuwa imeandikwa kana kwamba imeagizwa. Tungelikuwa na haki ya kumweka Weston katika kapu la wapiga debe wa dola yake lau angeishia hapo.

Hakuishia hapo. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Edward Northey mjini Nairobi ilitoa waraka uliowataka maafisa wa wilaya, machifu na wazee watumie kila ushawishi halali kuwapeleka Waafrika wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Wanawake na watoto nao walitajwa, wafanye kazi katika mashamba yaliyo karibu na makwao. Kila aliyejua jinsi chifu wa wakati huo alivyomtegemea afisa wa wilaya alijua "ushawishi" huo ulimaanisha nini. Viongozi wa misheni nchini Kenya na Uganda walijibu kwa waraka wao. Waliotia sahihi walikuwa Askofu Willis, Askofu Heywood wa Mombasa aliyemrithi Peel, na Dkt. Arthur wa misheni ya Kiskoti kule Kikuyu. Walikosoa mengi, na ni haki kuwapa sifa hiyo. Lakini walikubali kwamba kwa hali ilivyokuwa, kazi ya lazima ingeweza kuruhusiwa, mradi iwekwe wazi kisheria, iwe kwa manufaa ya umma, na iwekewe mipaka.

Weston alikataa. Mwaka wa 1920 alitoa kijitabu The Serfs of Great Britain, na hoja yake ilikuwa fupi: kumlazimisha mtu kufanya kazi kwa faida ya mwingine ni uovu wenyewe, wala sheria nzuri haiwezi kuutakasa. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameliona la Mjerumani mwaka wa 1918 na sasa akaligeukia la kwao. Hakuwa peke yake. Huko London J. H. Oldham aliwakusanya viongozi wa makanisa na wanasiasa kuibana Wizara ya Makoloni, na Septemba 1921 Winston Churchill, aliyekuwa waziri, alituma maagizo ya kuwakataza maafisa wa serikali kuwaandikia walowezi vibarua. Kipande kilibaki. Kodi ilibaki. Machi 1922 watu walipigwa risasi jijini Nairobi walipodai Harry Thuku aachiliwe. Sidai, basi, kwamba kijitabu kimoja kiliwaokoa babu zetu. Nadai tu kwamba wale waliomega mkate pamoja kule Kikuyu ndio waliokubaliana na lazima yenye mipaka, na yule aliyewaharibia karamu ndiye aliyesema hapana.

Naomba msomaji aniruhusu nichepuke kidogo kama mtu wa lugha. Kichwa cha kijitabu hicho tukitafsirije? Mtumwa ni neno la karibu, lakini Weston alikuwa amekwisha kulitumia kwa Wajerumani na safari hii alichagua jingine kwa makusudi. Mtwana, mjoli na mzalia yote ni maneno ya utumwa wa pwani, na yana vyeo vyake ndani ya nyumba ya bwana. Shokoa ni kazi ya kulazimishwa bila malipo, ilhali vibarua wa Northey walilipwa, ingawa kidogo. Kinachotafutwa ni jina la mtu ambaye hakununuliwa sokoni lakini amefungwa kwenye ardhi isiyo yake, akilipia kwa jasho haki ya kukaa hapo. Wakenya tunalo neno hilo, nalo halikutoka kwa washairi wa Lamu. Ni skwota. Sheria ya mwaka wa 1918 iliwataka maskwota wamfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Nikipewa kazi ya kutafsiri kijitabu hicho nitakiita "Maskwota wa Uingereza", na wanaodhani neno hilo ni la mtaani tu wanijie na bora zaidi.

Pamoja na hayo, Weston ana upungufu ambao sifa hizo hazitaufunika. Aliwasemea Waafrika, tena kwa Kiingereza, kwa Waingereza. Alijiona baba, na baba wa namna hiyo huwapenda watoto wake sana bila kungoja wakue. Mwaka wa 1923, katika mkutano mkubwa wa Waanglikana wa mrengo wa Kikatoliki uliofanyika London, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku wakimdharau katika vibanda vya maskini. Ni maneno ya nguvu, na bado yanarudiwa makanisani. Lakini maskini wenyewe humo wanaonekana tu, hawasikiki.

Nao walikuwa na la kusema. Mwaka wa 1921, mwaka mmoja baada ya kijitabu cha Weston, kilichapishwa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Mwaka katika Minyororo. Mwandishi wake ni Samuel Sehoza, kasisi Mwafrika wa misheni ile ile, mmoja wa waliokamatwa na Wajerumani. Yale ambayo askofu aliyaandika kwa Kiingereza baada ya kuyasikia, Sehoza aliyaandika kwa Kiswahili baada ya kuyapitia. Mwingine ni Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, akafanya kazi Kenya na Uganda, akafungwa na Wajerumani wakati wa vita, na mwaka wa 1931 akasafiri hadi London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu muungano wa nchi za Afrika Mashariki. Kitabu chake cha safari hiyo, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilitoka mwaka wa 1932. Hapo basi pana masimulizi mawili ya nafsi ya kwanza yaliyochapwa kabla ya Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela wa mwaka wa 1934, kitabu ambacho walimu wetu hukianzia kila wanapofundisha chimbuko la nathari ya Kiswahili.

Katika semina moja niliyohudhuria, mwenzetu mmoja alisema kwamba maandishi ya wamisheni na wanafunzi wao ni mahubiri, si fasihi. Hoja hiyo haina miguu. Tendi za pwani tunazozitukuza ziliandikwa na watu wa dini kwa ajili ya dini, na hatujawahi kuziondoa darasani kwa sababu hiyo. Uhuru wa Watumwa tumeusuta miaka na miaka kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na bado tunausoma, kwa kuwa kuusuta nako ni kuusoma. Sehoza hatujampa hata heshima ya kumsuta. Je, aliwalaumu Wajerumani kwa kuwa aliumizwa nao, au kwa kuwa Mwingereza aliyechapa kitabu alipenda kusikia hivyo? Mtu aliyefungwa kwa kusadikiwa kuwa wa Waingereza alijiita nani alipotoka kifungoni? Maswali haya ni ya uhakiki wa fasihi, na hayahitaji mhakiki awe Mkristo.

Zaidi ya hayo, Kiswahili cha kitabu cha Sehoza kiliandikwa kabla ya kamati ya usanifishaji kukaa. Ni cha Kiunguja kilichopita katika vinywa vya Wabondei, Wayao na wengineo waliolelewa Kiungani na Magila. Anayetaka kujua usanifishaji ulikata nini na kubakiza nini hana budi kupitia huko. Kwa upande wa Weston, Mwingereza mwenzake H. Maynard Smith alimwandikia wasifu mkubwa uliotoka mwaka wa 1926, miaka miwili tu baada ya askofu kufariki huko Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Sehoza hana wasifu wa kiasi hicho katika lugha yoyote. Ninapendekeza kwa kamati ya masomo ya idara, na kwa chama chetu ambacho husikilizwa kinapoandika barua, kwamba Mwaka katika Minyororo kitafutwe, kitolewe nakala za kutosha, na kiingizwe katika orodha ya nathari ya mwaka wa pili, kabla ya Mbotela.