Mpimeni Mara Mbili

Tangu ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ilipoleta kambi yake ya kusaka vipaji Nairobi mwezi wa Aprili 2023, kuna maneno yanayorudiwa vijiweni hadi yamekuwa kama sheria. Kwamba ukanda wa ziwa umejaa wachezaji wa NFL wasiojijua. Kwamba ukimchukua kijana wa Magunga, mrefu, mwenye kifua kipana, aliyekulia ugali na mbuta, akavuta nyavu pale Nyandiwa tangu utotoni na kupanda milima ya Gwassi kwa miguu, hakuna kilichobaki ila mgeni mwenye saa. Apimwe mbio, apimwe kifua, tiketi ikatwe. Wapo wanaoongeza la pili, tena kwa sauti ya kuonya: asiguse vyuma, maana vyuma vitamfanya mzito na kumdumaza.

Imani hizi mbili hutembea pamoja, na zinakosea pamoja. Zote zinachukulia kwamba vile vipimo husoma alichozaliwa nacho mtu. Kwa sehemu kubwa husoma alivyoandaliwa, na aliyemwandaa.

Tutazame vipimo vyenyewe. Kila mwaka, mwishoni mwa msimu wa baridi, wanafunzi wa vyuo wapatao mia tatu huitwa Indianapolis kupimwa mbele ya makocha wa timu zote. Wanakimbia yadi 40, yaani mita 36.58. Wanaruka juu wakiwa wamesimama, kisha wanaruka mbele. Wanazunguka koni kwa kasi. Wanalala kwenye benchi na kusukuma chuma cha pauni 225, karibu kilo 102, mara nyingi wawezavyo. Xavier Worthy alikimbia zile yadi 40 kwa sekunde 4.21 mwaka 2024, na dunia nzima ya mchezo ule ikapiga kelele.

Kisichosimuliwa huku kwetu ni miezi miwili inayotangulia siku hiyo. Msimu wa vyuo ukiisha, mawakala huwapeleka wachezaji wao kwenye jimu za kulipia ambako kazi ni moja tu: kufaulu mtihani. Kijana anafundishwa mkono uwekwe wapi chini, uzito uegemee mguu upi, hatua ya kwanza iwe ndefu kiasi gani, lini ainue kichwa. Anafundishwa jinsi ya kuvuta pumzi kati ya msukumo mmoja wa chuma na mwingine. Mfano unaotajwa sana ni Mike Mamula wa Boston College, ambaye mwaka 1995 alikuja akiwa amefanyia mazoezi vipimo vyenyewe, akawashangaza makocha, na siku timu zilipochagua wachezaji wapya, Philadelphia Eagles wakamchukua akiwa chaguo la 7. Akawa mchezaji wa kawaida, si mbaya, ila si yule aliyeahidiwa na nambari zake. Mwaka 2000 Tom Brady alikimbia yadi zile zile kwa sekunde 5.28, akachaguliwa wa 199, kisha akabeba ubingwa wa ligi, Super Bowl, mara saba.

Hadithi mbili hazitoshi kuvunja hoja, najua. Lakini Frank Kuzmits na Arthur Adams walichapisha mwaka 2008 utafiti uliolinganisha matokeo ya vipimo hivyo na kazi ya wachezaji katika ligi, kwa warusha mpira, wakimbiaji na wapokeaji. Hawakupata uhusiano wa kutegemeka, isipokuwa mbio fupi kwa wale wakimbiaji wanaobeba mpira. Basi kama mtihani huo unayumba hata kwa Mmarekani aliyeandaliwa kwa miezi, utamwambia nini mtu kuhusu kijana ambaye ameiona yadi 40 kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile?

Na kuna mambo ya kiufundi ambayo wapenzi wa nambari huyaruka. Kocha akishika saa mkononi, huchelewa kidogo kuianzisha kwa sababu lazima kwanza aone mtu ameondoka, ilhali mwishoni anakuwa ameshamtazama akija. Muda unatoka mzuri kuliko ulivyo, kwa takriban robo ya sekunde ukilinganisha na mitambo ya umeme. Robo ya sekunde katika yadi 40 ndiyo inayotenganisha mwenye kasi na wa kawaida. Kwa hiyo yule anayerudi kutoka uwanja wa shule akitangaza kwamba fulani amekimbia 4.5 pekupeku kwenye nyasi zenye mashimo, ametupa habari za kidole gumba chake.

Kile chuma cha pauni 225 nacho kina ujanja wake. Watu wa ziwani husifiwa kwa urefu, na mrefu huwa na mikono mirefu. Mwenye mikono mirefu anakisukuma chuma umbali mrefu zaidi katika kila msukumo kuliko mwenye mikono mifupi, kwa hiyo anafanya kazi kubwa zaidi kwa alama ile ile. Kichekesho ni kwamba makocha wa safu ya mbele wanaitafuta mikono mirefu hiyo hiyo, hata huipima kwa utepe, kwa kuwa ndiyo humzuia mpinzani asifike kifuani. Kijana anaadhibiwa kwenye benchi kwa kitu ambacho uwanjani kingempa ajira. Tena, mwenye uwezo wa kusukuma mara 30 amepimwa ustahimilivu kuliko nguvu, na asiyeweza hata mara moja hajapimwa kitu. Amepata sifuri tu.

Wenye imani ya damu wana jina moja wanalolitoa mfukoni kila wakati: Daniel Adongo. Mkenya huyu alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani hata siku moja, na Desemba mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kuingia uwanjani katika mechi ya NFL. Ni habari ya kujivunia. Lakini Adongo hakutoka kijijini akaingia Indianapolis. Alikuwa amepita miaka katika raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, mahali ambapo mchezaji hula, hulala na kunyanyua vyuma kwa ratiba. Mwili uliowashangaza Wamarekani ulikuwa umejengwa na makocha. Na hata hivyo alicheza mechi chache tu, na kufikia mwisho wa mwaka 2015 hakuwa tena kwenye kikosi. Mwili ulikuwepo; mchezo wenyewe, ambao wenzake walianza kuusoma wakiwa watoto, haukumpa muda wa kutosha.

Sasa mweke kando ya Jordan Mailata. Naye ni mtu wa raga, mzaliwa wa Sydney, mwenye asili ya Samoa, aliyekuwa hajawahi kuucheza mchezo huo. Lakini yeye alikuja baada ya NFL kuanzisha, mwaka 2017, mpango maalumu wa wachezaji wa mataifa mengine. Alifundishwa kwanza Florida, kisha Eagles wakamchagua mwaka 2018 akiwa wa 233. Msimu wa 2018 na wa 2019 hakugusa mechi ya ligi. Jeff Stoutland, kocha wa safu yake, alimfundisha namna ya kusimama, kurudi nyuma, kuweka mikono. Mwaka 2020 akaanza kucheza, na Februari 2025 alikuwa katika timu iliyoifunga Kansas City 40 kwa 22 na kubeba Super Bowl. Angepimwa mara moja na kuachwa, leo angekuwa mtu mkubwa wa mwili huko Sydney, basi.

Nirudi kwenye vyuma, maana hapa ndipo wazazi huwa wagumu kushawishika. Hofu kwamba kunyanyua vyuma humfanya mchezaji mzito na mgumu si ya Waluo wala Wasuba. Wamarekani wenyewe waliishikilia kwa miongo mingi. Makocha wao waliwakataza wachezaji wasiende karibu na vyuma. Mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha Nebraska kulikuwa na mwanafunzi, Boyd Epley, mruka kwa upondo aliyekuwa akijitibu mgongo kwa kunyanyua vyuma. Wachezaji majeruhi waliomfuata kwenye chumba cha vyuma walirudi wakiwa na nguvu kuliko walivyoondoka, na makocha wakagundua. Kocha mkuu Bob Devaney alikubali aajiriwe, kwa sharti: mchezaji yeyote akipungua kasi, Epley afukuzwe. Nebraska ikawa bingwa wa taifa mwaka 1970 na tena 1971. Mwaka 1978 Epley akaanzisha chama cha makocha wa nguvu ambacho leo kina wanachama duniani kote.

Sharti lile la Devaney ndilo linalonivutia. Epley alilazimika kuwapima wachezaji wake kabla na baada, ili ajue kama mazoezi yanafanya kazi na kama kibarua chake kipo. Kipimo kilikuwa chombo cha mwalimu. Baadaye soko lilikichukua na kukifanya bei.

Kuhusu kudumaa, madaktari wa watoto wa Marekani wamesema waziwazi kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayamzuii mtoto kukua. Kinachomvunja ni uzito asioumudu bila mtu wa kumwangalia. Nayo hoja kwamba kuvuta nyavu kunatosha inachanganya mambo mawili. Nyavu humpa mtu ustahimilivu, mshiko imara na mgongo usiochoka, na mimi sitamcheka mvuvi yeyote. Lakini mzigo wa nyavu hauongezwi kwa mpango wiki baada ya wiki, na wala hauvutwi kwa mlipuko wa sekunde moja. Mwili hujifunza kile unachoulizwa. Mtazameni Ferdinand Omanyala, aliyeanza kwenye raga: Septemba 2021, Kasarani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, katika nchi iliyoambiwa miaka yote kwamba damu yake ni ya mbio ndefu.

Sikatai kwamba kuzaliwa kuna sehemu yake. Kimo hakifundishwi, na aina ya misuli mtu huirithi. Wala sisemi vipimo vitupwe. Kijana wa Magunga hana ligi, hana video, hana kocha anayejulikana. Nambari inaweza kuwa barua pekee ya utambulisho atakayowahi kuwa nayo. Ndiyo maana isichukuliwe ovyo.

Hapa kuna jambo ambalo wasaka vipaji wachache hulitilia maanani. Mtu anapoanza mazoezi ya nguvu, wiki za mwanzo hupata nguvu haraka kabla misuli yake haijakua, kwa sababu mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kuiita misuli iliyokuwepo. Kwa hiyo nambari ya asiyefanya mazoezi ndiyo nambari isiyotulia kuliko zote. Mnunuzi wa mbuta akiweka samaki kwenye mizani, kilo zile ndizo zote. Samaki yule hataongezeka tena. Kijana wa miaka 17 bado anaongezeka, na cha kutaka kujua ni anaongezeka kwa kasi gani akifundishwa.

Basi apimwe mara mbili. Mwalimu wa michezo achague wanafunzi ishirini mwezi wa Januari shule zikifunguliwa, awapime mbio na kuruka, mahali pamoja, kwa saa ile ile, na mtu yule yule aishike. Kisha wafundishwe mpaka muhula wa pili uishe: kuchuchumaa na mzigo begani, kuinua mzigo kutoka chini bila kupinda mgongo, kuruka, kukimbia mita kumi kumi. Jimu si lazima. Mikebe iliyojazwa saruji na bomba katikati imelea watu wengi Kenya hii, ilimradi mikebe yote miwili iwe na uzito sawa, jambo ambalo mafundi wetu hulipuuza. Mwezi wa Agosti wapimwe tena.

Aliyekuwa wa kumi na nne akapanda hadi wa tatu, huyo ndiye wa kupelekwa kwenye kambi ya kusaka vipaji, ingawa Januari hakuna aliyemtazama. Na yule aliyeongoza mwanzo, akabaki pale pale miezi saba, aambiwe hivyo mapema, kabla mjomba wake hajauza ng'ombe kwa ajili ya pasipoti na nauli.