Amana Iliyomo Ndani ya Kompyuta



Mwaka jana, hapa kwetu Singida, umeme ulikatika na kurudi ghafla, na diski ya kompyuta ya nyumbani kwetu ikafa. Ndani yake mlikuwa na hesabu za alizeti za misimu minne, madeni tunayodai na tunayodaiwa, na sauti ya marehemu bibi yetu akisimulia nasaba ya ukoo. Madeni tuliyakusanya upya kwa kuwaendea watu mmoja mmoja. Sauti ya bibi hatukuipata tena.

Kompyuta yetu hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Mfumo ukiharibika, huwekwa upya bila malipo. Kazi zetu wenyewe hazina pa kuchukuliwa tena. Basi cha kulindwa kwanza ni folda iitwayo home, zinamokaa kazi za kila mtumiaji. Tahadhari: programu ya Timeshift, kwa mpangilio wake wa kawaida, huhifadhi mfumo, si mafaili hayo. Kwa mafaili tunatumia Déjà Dup, inayonakili yaliyobadilika na kuifunga nakala kwa nenosiri.

Kanuni ni hii: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Ya kwanza imo katika kompyuta. Ya pili imo katika diski ya nje, tunayoichomeka kila Alhamisi jioni kisha tukaichomoa, kwani iliyochomekwa daima huweza kuungua pamoja na kompyuta. Ya tatu ni flashi iliyoko kwa shemeji yetu Manyoni, tunayoibadilisha kila mwezi. Nenosiri wanalijua watu wawili, asije mmoja akafariki nalo. Na kila miezi mitatu hurudisha faili moja ili tuhakikishe kuwa nakala inafunguka.

Wapo wanaouliza: je, huku si kupungukiwa na tawakkul? Mahafidh wengi walipouawa Yamama, Sayyidna Abubakar (r.a.) alimwagiza Zayd bin Thabit aikusanye Qur'an katika maandishi, ingawa ilikuwamo vifuani mwa watu. Baadaye Sayyidna Uthman (r.a.) akapeleka nakala katika miji mbalimbali. Ikiwa walifanya hivyo kwa Kitabu ambacho Allah Mwenyewe ameahidi kukihifadhi, sisi na hesabu zetu za alizeti tuna udhuru gani?

Wabillahi tawfiq.