Kanda za Zamani Zinakufa Majumbani

Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa kaseti ni nini. Anakumbuka kuirudisha nyuma kwa kalamu ya biro ili asimalize betri, kuanika betri hizo juani zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi, na kuvunja vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti ili mdogo wake asije akarekodi juu ya taarabu ya harusi ya dada. Ni kumbukumbu tamu. Lakini wengi wanaozisimulia kwa mapenzi ndio hao hao wenye boksi la kanda uvunguni, linaloliwa na unyevu.

Utepe wa kanda ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Joto na unyevu wa pwani huilegeza gundi, unga ukabanduka, na sauti ikaondoka nao. Santuri, iliyo kongwe zaidi, imevumilia: Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 na sauti yake inasikika hadi leo, ilhali kanda ya harusi ya 1985 huenda imeshakuwa bubu.

Kwa Tanzania, hasara haiishii uvunguni. Bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye kanda kubwa za mviringo, ili nyimbo zirushwe hewani. Kiwanda cha santuri hakikuwapo nchini. Bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Ndiyo maana zipo nyimbo ambazo hazikuwahi kuuzwa dukani, na tegemeo lake ni kanda ambazo Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lilizirithi kutoka redio hiyo.

Mwaka 2019 UNESCO ilitahadharisha kuwa mashine za kuchezea kanda, vipuri na mafundi wake wanatoweka, na kwamba kufikia mwaka 2025 hivi kunakili kanda huenda kukashindikana. Mwaka huo umeshafika. Kurusha zilipendwa hewani ni jambo jema, lakini Serikali itenge fedha za kunakili maktaba nzima ya kanda za TBC, pamoja na nyimbo ambazo hakuna msikilizaji anayeziomba kwa sababu hakuna anayejua kuwa zipo.

Nyumbani kazi ni nyepesi. Inatosha redio kaseti nzima, waya wa kuiunganisha na kompyuta, na subira, maana kanda ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60. Iliyoota ukungu isichezwe kabla ya kusafishwa. Zitangulie zile zisizo na nakala popote: mawaidha ya babu, ngoma ya kijijini, salamu za sauti za ndugu aliyekuwa Muscat. Na bibi aketi karibu kanda ikicheza, aulizwe nani anaimba, nani anapiga udi na harusi ilikuwa ya nani, kisha majibu yake yaandikwe siku hiyo hiyo.