Mbwa Wasikie, Sisi Tusisikie

Hakuna asiyejua kwamba sisi wa shule ya kutwa hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Katika vijia vya mashamba ya miwa hapa Shianda, tunakutana na mbwa wanaozurura. Dawa yetu ni moja tu: mawe. Mimi nasema mawe hayafai! Mbwa akipigwa jiwe huzidi kukasirika, na pengine ni mbwa wa jirani.

Maoni yangu ni kwamba wanafunzi wa Fizikia waunde filimbi ya umeme ambayo mbwa huisikia na mtu haisikii. Si uchawi, jamani. Sikio la mtu hukomea kwenye hezi 20,000 hivi, ilhali la mbwa hufika karibu 45,000. Mwingereza Francis Galton alibuni filimbi ya kupuliza ya namna hiyo mwaka wa 1876. Yetu itahitaji betri ya volti 9, chipu ya 555, rezista mbili (ya omu 10,000 na ya omu 22,000), kapasita ya nanofaradi 1 na spika ndogo ya piezo. Ukipiga hesabu, utapata karibu hezi 27,000. Kuku wa mama hawatasumbuka, maana masikio yao hayafiki huko.

Wapo watakaosema, "Aa, hiyo ni kazi ya wazungu bwana!" Je, mmemsahau Richard Turere wa Kitengela? Alikuwa mtoto wa miaka 11 tu alipounganisha betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi ili simba wasile ng'ombe wa baba yake. Lakini kwanza alichunguza, akaona kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Mwaka wa 2013 aliwasimulia watu habari hiyo huko California, Marekani.

Nasi tuchunguze vivyo hivyo. Wauzaji husema filimbi hizi hufukuza kila mbwa. Tusimeze tu! Huenda mmoja akakimbia, wa pili akainua masikio tu, na wa tatu akazoea. Tuandike daftarini: mbwa wangapi, umbali gani, walifanya nini. Hata tukigundua haifai, tutakuwa tumejua wenyewe, si kuambiwa.

Tena tusidanganyane: filimbi si chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Nchi yetu imeweka lengo la kuvikomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Basi wazazi wawapeleke mbwa wakachanjwe. Nawe ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha uende hospitalini siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Shime wenzangu, tuweke mawe chini, tushike waya!