Chai ni Nzuri, Lakini Ina Saa Yake

HUENDA unapousoma ukurasa huu una kikombe cha chai mkononi. Endelea kunywa, sikukatazi. Jumapili bila chai si Jumapili. Ila leo ningependa tuulizane: ni chai ipi inayoufaa mwili, na inywewe saa ngapi?

Wengi hudhani kwamba chai nyeusi, ya kijani na ya zambarau hutoka kwa mimea tofauti. La! Zote ni za mchai, mmea ulioanza kupandwa Limuru mwaka wa 1903. Majani ya chai nyeusi huvunjwavunjwa na kuachwa yapate hewa hadi yageuke rangi. Ya kijani hupashwa moto mapema ili yasigeuke. Ya zambarau hutokana na aina ya mchai ambayo watafiti wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka wa 2011.

Uchunguzi mwingi umeonyesha kuwa wanaokunywa chai kwa kawaida hupatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko wasiokunywa. Kafeini yake huchangamsha akili, na hilo wanafunzi wanalijua vyema msimu wa mitihani. Tangawizi iliyochemshwa kwa maji hupunguza kichefuchefu cha mimba. Mchaichai nao hauna kafeini, kwa hivyo hautakunyima usingizi.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Vile viambato vinavyoipa chai ukali wake hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, ndengu na sukuma wiki, hata mengi yakapita tumboni bila kuingia mwilini. Na bila madini hayo, mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha. Madini ya nyama hayaathiriki sana, lakini ni nyumba ngapi mjini zinazopika nyama kila siku?

Hebu tumfikirie mama mjamzito. Kliniki wamempa tembe za kuongeza damu. Anazimeza kila asubuhi bila kukosa, ila anazisindikiza kwa chai. Akirudi kupimwa, damu bado iko chini. Anashangaa, pengine hata anakaripiwa kwamba hamezi dawa. Kumbe mwizi ni kikombe!

Ufanyeje basi? Usiiache chai, isogeze tu. Iwe mbali na mlo kwa muda wa saa moja au zaidi. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni zinafaa sana. Wakati wa kula, kunywa maji. Chungwa moja au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga itausaidia mwili kuyapokea madini hayo. Tembe za damu zimezwe kwa maji, kamwe si kwa chai, hata ikiwa ya maziwa. Na mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asipewe chai. Chai humjaza tumbo na kumnyima nafasi ya uji na maziwa.

Mambo mawili ya mwisho. Kwanza, sukari: vijiko vitatu katika kila kikombe, kwa vikombe vinne, ni vijiko 12 kwa siku! Punguza kidogo kidogo, ulimi utazoea. Pili, moto: mwaka wa 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walionya kuwa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha kansa ya umio, yaani njia ya chakula. Haraka ya nini? Iache ipoe.

Ushauri huu hautakugharimu hata senti moja. Haya, malizia kikombe chako. Lakini ikiwa sahani ya maharagwe bado iko mbele yako, kifunike kwanza. Chai haitoroki.