Kufundisha Uchomeleaji: Tuanze na Ufa, si na Moto

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa sana katika karakana zetu ili kumhimiza mwanafunzi afanye kazi upesi. Hata hivyo, wahenga hawakusema kwamba kila ufa huzibwa kwa namna moja, wala hawakutukataza kuuliza ukuta umepasuka kwa nini. Maoni yangu ni kwamba aghalabu tunalifundisha somo la uchomeleaji kinyumenyume: tunaanza na moto, chuma tunakijua baadaye, na sababu ya ufa hatuifikii kabisa.

Chukueni mfano wa kazi moja ya kawaida katika karakana za Sumbawanga, yaani kuchomelea kishikizo cha injini kilichopasuka, kile ambacho mafundi hukiita mauntingi. Kishikizo hiki hubeba uzito wa injini juu ya fremu, na kwa mpira wake hupunguza mtikisiko. Lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga imepunguza mateso ya magari, lakini gari linaloiacha lami kwenda kuchukua mahindi vijijini, au linaloteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa kuelekea Bonde la Ziwa Rukwa, bado hukutana na mashimo na makorongo. Injini ikitupwa huku na huku, kilicho dhaifu hupasuka.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu aliletewa kishikizo cha namna hiyo kutoka katika gari la abiria. Alikisafisha, akakichomelea kwa kijiti cha kawaida, kisha akaulainisha mshono kwa grainda hata ufa usionekane. Nami nikampa alama za juu. Kabla ya juma kwisha gari lilirudi. Kishikizo kilikuwa kimepasuka tena, safari hii kando ya mshono, na injini imelala upande mmoja ikivuta mipira ya maji. Heri dereva aliisikia ikigonga kabla hajaanza kuteremka mlima. Kosa halikuwa la mwanafunzi. Lilikuwa langu mimi niliyepima uzuri wa mshono, nikaacha kupima fikra iliyopaswa kuutangulia.

Tangu siku hiyo, mwanafunzi wangu hawashi moto kabla ya kujibu maswali matatu.

Swali la kwanza: Hiki ni chuma gani? Chuma cha kusubu, ambacho huwa na kaboni kiasi cha asilimia 2 hadi 4, hakipindi bali huvunjika. Kikipashwa moto ghafla mahali pamoja na kupoa haraka, sehemu iliyo kando ya mshono huwa ngumu na nyepesi kuvunjika kama kioo. Chuma laini cha kawaida hustahimili zaidi. Kwenye grainda, chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu, na chuma laini hutoa cheche ndefu zinazong'aa. Alumini hainaswi na sumaku. Vipimo hivi havihitaji maabara.

Swali la pili: Kimepasuka kwa nini? Huenda bolti imelegea, au mpira wa kishikizo cha upande wa pili umekufa na mzigo wote umehamia upande mmoja. Asiyeondoa sababu hiyo atachomelea leo na kesho.

Swali la tatu: Je, yafaa kukichomelea? Pengine jibu sahihi ni kutafuta kingine. Mwanafunzi anayekataa kuchomelea kwa hoja iliyo thabiti anastahili alama kamili.

Ndipo moto ufuate. Injini iegemezwe vizuri, kishikizo kifunguliwe, na mpira uondolewe usiungue. Tundu dogo litobolewe kila mwisho wa ufa ili usiendelee mbele, na ufa wenyewe uchongwe mfereji. Ikiwa ni chuma cha kusubu, kipashwe joto kwanza, kichomelewe kwa kijiti chenye nikeli, vipande vifupi vifupi vya kiasi cha milimita 25, kila kimoja kigongwe taratibu kwa nyundo, na mwishowe kifukiwe katika majivu makavu kipoe polepole. Kila hatua ina sababu yake, na mwanafunzi aieleze kwa maneno yake mwenyewe.

Jambo hili si geni Ufipa. Wafua vyuma wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu yaitwayo malungu, ambayo yalivuta hewa yenyewe pasipo mivukuto. Lakini walijua kwamba kilichotoka humo hakijawa tayari kufuliwa jembe. Walikisafisha tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe. Walikijua chuma kabla ya kukipiga nyundo.

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, ilitaka mwanafunzi awe na akili ya kudadisi, pamoja na mikono ya kufanya kazi. Sasa kwa kuwa mkondo wa amali umeanza katika shule za sekondari tangu mwaka 2024, yatupasa sisi tunaowaandaa walimu tubadili namna ya kusahihisha. Napendekeza nusu ya alama zitolewe kabla moto haujawashwa, kwa majibu ya maswali yale matatu. Nusu nyingine itolewe baada ya kipande cha majaribio kubanwa kwenye jiliwa na kupigwa nyundo hadi kivunjike, darasa zima likitazama kimevunjikia wapi na kwa nini.

Abiria anayeteremka mlima hauoni mshono uliochomelewa. Anaitegemea akili ya fundi, na akili hiyo huanza kujengwa mbele ya mwalimu.