Usilipe dola ili uwe wa kwanza mu Google

Vijana wenzetu wa Bukavu, tuseme wazi: mtu anayemwambia mama mshonaji wa Kadutu "nipe dola, nitaweka saiti yako ya kwanza mu Google" anamdanganya. Google yenyewe imeandika kwamba hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza. Nafasi inayouzwa ni ya matangazo tu, na makuta ikiisha tangazo linapotea.

Lakini fishi ya biashara mu Google Maps ni ya bule! Jina, telefone, saa za kufungua, foto, na alama kwenye ramani. Kwetu watu wanaelekezana "pembeni ya kanisa, chini ya depo", basi alama ile ndiyo adresi. Statusi ya WhatsApp inafutika kisha saa 24. Fishi inabaki.

Halafu maneno. Saiti nyingi zinajisifu "ubora na uzoefu". Nani anatafuta ubora? Mteja anaandika "couturière Bukavu" ao "kushona nguo Kadutu". Andika hivyo, Kifaransa na Kiswahili pamoja. Na foto zisikuwe nzito, maana mteja anahesabu mega zake. Ukurasa ukichelewa, anatoka.

Siye wenye diploma bila kazi, kazi hii tunaiweza. Tuitoze bei inayosemwa mbele, bila ahadi za uongo, na fishi ifunguliwe kwa email ya mama mwenyewe. Ukiifungua kwa yako, siku mukigombana, namba ya telefone ya duka lake iko mikononi mwako.